Ndege ya Ningalijua

Wageni wanaofika nyumbani kwangu Tanga kwa mara ya kwanza hunitazama kwa jicho la mashaka wanapoliona kabati la vioo lililo sebuleni. Watu wa umri wangu huweka ndani ya kabati kama hilo vikombe vya chai visivyotumika, sahani za harusi na picha za watoto waliohitimu. Langu limejaa ndege. Ni ndege ndogo za plastiki, na hata iliyo ndefu kuliko zote haitoki kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nyingi kati yake zina jambo moja ambalo mgeni halitambui mpaka aelezwe: hazikuwahi kuwapo duniani.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Viwanda vya Ulaya, Marekani na Japani huuza visanduku vyenye vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi mpaka ipatikane ndege, meli au gari kwa kipimo kidogo. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939, na mwaka 1953 ikatoa ndege yake ya kwanza ya namna hiyo, Spitfire. Kila kisanduku huacha mabaki. Mara nyingi mtengenezaji huweka magurudumu ya aina mbili, injini za aina mbili, au rubani wa ziada, ili mnunuzi achague. Asiye na akili kama zangu hutupa mabaki hayo. Mwenye akili kama zangu huyaweka katika kopo la biskuti, na baada ya miaka kumi ana makopo sita na mke asiyefurahi.

Kutokana na makopo hayo ndipo huzaliwa ndege ambazo hazikuwapo. Bawa la hii linaunganishwa na kiwiliwili cha ile, pengo linazibwa, msasa unapita, rangi inapakwa, na hapo mezani inasimama ndege ambayo ingaliruka laiti mkutano fulani ungalimalizika vingine. Waingereza, kwa mfano, hawaachi kuunda TSR-2, ndege ya kivita iliyoruka mara ya kwanza Septemba 1964 na kufutwa na serikali yao Aprili 1965, ikiwa imeruka mara 24 tu. Wao huipaka rangi za vikosi ambavyo haikuvifikia kamwe. Wamarekani nao walipata kisa cha ajabu. Mwaka 1986 kampuni ya Testors iliuza ndege ya plastiki iliyoitwa F-19, iliyobuniwa kutokana na minong'ono juu ya ndege ya siri isiyoonekana na rada. Watu waliinunua kwa pupa, na hata wabunge wao wakahoji imekuwaje siri ya taifa ikauzwa dukani. Picha ya ndege yenyewe, F-117, ilipotolewa Novemba 1988, ikaonekana kuwa ina pembe na bapa tupu, ilhali ile ya dukani ilikuwa laini na yenye mikunjo ya mviringo. Hawakufanana hata kidogo. Nakitaja kisa hiki mapema kwa sababu kitanirudia mwenyewe: anayebuni jambo lisilojulikana hubuni lile analolipenda.

Mimi ndege hizi naziita ndege za ningalijua. Lugha yetu imetujalia viambishi viwili vya kazi hii. Walimu wetu walitufundisha kwamba -nge- huacha mlango wazi: angekuja tungemkaribisha, na bado anaweza kuja. Lakini -ngali- huufunga: angalikuja tungalimkaribisha, hakuja, na chakula kimepoa. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na nimegundua kuwa wanafunzi wengi, na watu wazima wengi zaidi, huzichanganya -nge- na -ngali- si kwa kukosa sarufi. Huzichanganya kwa sababu hawajakubali kwamba mlango umefungwa. Nami nilikuwa mmoja wao.

Yalianza mwaka 1974, nilipokuwa na miaka 11. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa bodi za ndege katika karakana za East African Airways pale Embakasi, Nairobi. Alikwenda huko kijana mwaka 1962 akajifunza kazi, akaoa hukohuko. Kila mwaka alikuja Tanga kwa basi la kutokea Mombasa kumwona mama yake, yaani bibi yangu. Mwaka ule aliteremka akiwa na kisanduku kwapani. Ndani yake mlikuwa na Super VC10 ya Airfix, kwa kipimo cha 1 kwa 144, ndege ya sentimita 36.

Kwa wasomaji vijana, niseme kidogo habari za shirika hilo. East African Airways ilianza safari Januari 1946 kwa ndege sita ndogo aina ya Dragon Rapide, nalo likawa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1960 likaingia katika zama za jeti kwa Comet 4, na kuanzia mwaka 1966 likapokea Super VC10, tano kwa jumla. VC10 ilibuniwa hasa kwa viwanja kama vyetu, vyenye joto na vilivyo juu. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kunyanyuka. Wahandisi waliziweka injini zote nne mkiani ili bawa libaki safi na liwe na nguvu ya kuinua. Ziliundwa VC10 54 tu kwa jumla, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, Februari 1970, ilikuja kwetu.

Mimi na mjomba tuliiunganisha barazani kwa usiku nne, bibi akiwa ameketi kwenye mkeka anatuangalia. Kisanduku kilikuja na karatasi za kuloweka zenye maandishi ya BOAC, shirika la Waingereza. Mjomba alizitazama, akazirudisha ndani ya kisanduku. "Hizi ni za wenyewe," alisema. Kisha kwa brashi yenye nywele chache kama kope akachora maneno EAST AFRICAN kwa mkono wake, na ubavuni karibu na mkia akaandika 5H-MMT. Alinieleza kwamba kila ndege ina jina la usajili. Ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, na shirika liligawa ndege zake katika nchi zote tatu, kama baba anayegawa mashamba bila kumwonea mtoto. "Lakini spana hazijui," alisema. "Ukiwa chini ya bawa huulizi hii ni ya nani."

Miaka mitatu baadaye baba huyo alikufa, na watoto wakagombea mashamba. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Tangu Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi naye meza moja, kwa hiyo chombo cha juu cha Jumuiya, ambacho wajumbe wake walikuwa marais watatu, hakikukutana tena. Siasa za uchumi za nchi hizi nazo zilikwenda njia panda, na madeni ya mashirika ya pamoja yakawa sababu ya lawama za kila siku. Mapema mwaka 1977 ndege za East African Airways zikatua na hazikuruka tena. Kenya Airways ikaundwa, na Tanzania nayo ikaunda shirika lake. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983.

Mjomba alipata kazi nyingine Kenya, akabaki. Mwaka 1979 bibi aliugua. Aliugua miezi mitatu, na kila jioni alituuliza kama basi la Mombasa limeingia, ingawa alijua vizuri kwamba hakuna basi. Mama aliandika barua na kuzipitisha kwa watu. Bibi akafariki, tukamzika, arobaini ikapita. Mjomba alikuja Desemba 1983, akaenda moja kwa moja makaburini kabla hajaingia nyumbani. Mama alimpokea kwa kilio na hakumlaumu. Aliulaumu mpaka, mpaka siku ya kufa kwake, nami nikarithi lawama hiyo kama nilivyorithi sufuria zake.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini nilipostaafu, kati ya ndege zote ambazo ningeweza kuziwaza, niliiwaza moja. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa BAC, waliounda VC10, walikuwa na mchoro wa VC10 ya ghorofa mbili, ya kubeba abiria wapatao 265. Ilikosa fedha na ikabaki karatasini. Nikasema, hii ndiyo ndege yangu. Nitaiunda kama ambavyo ingalionekana Embakasi mwaka 1985, katika rangi za East African Airways, katika ulimwengu ambao Jumuiya haikuvunjika.

Kijana wangu anayeishi Uingereza alininunulia visanduku viwili vya zamani vya VC10. Nilivikata viwiliwili vyote viwili kwa msumeno wa meno madogo, kimoja chini ya mstari wa madirisha, kingine juu yake, nikavibandika kimoja juu ya kingine. Maungio yalikuwa na pengo la kupitisha mchele. Nililiziba, nikapiga msasa, nikaliziba tena, mara saba. Ndege ya ghorofa mbili ni nzito, basi ikahitaji magurudumu zaidi, nikayatoa katika mabaki ya ndege ya mizigo ya Marekani. Injini zilitoka katika kopo la tatu, kubwa kuliko za asili. Kazi ilichukua miezi minane. Ubavuni nikaandika 5H na herufi nilizozibuni mwenyewe, kwa kuwa ndege isiyokuwapo haina haki ya jina la ndege iliyokuwapo.

Kuna nidhamu katika kazi hii, na ni nidhamu ileile ya historia. Unaruhusiwa kubadili jambo moja, kisha huna budi kuyafuata matokeo yake kwa uaminifu. Ukibadili mawili unaanza kuota. Ukibadili matatu unasema uongo. Nilijua hivyo, na bado, kwa kuwa kazi ilinipendeza, sikuhesabu.

Mwaka 2014 niliiweka ndege ndani ya kisanduku cha viatu vya mvua, nikaizungushia pamba, nikapanda basi kwenda Mombasa. Pale Horohoro afisa alitaka kujua nimebeba nini. Nikafungua. Akatazama, akaniuliza ni ndege ya shirika gani. Nikamjibu, shirika halipo. Akauliza, basi ni ndege ya aina gani. Nikamjibu, aina hiyo pia haipo. Akanigongea muhuri kwa huruma. Miaka 35 nyuma, mahali hapohapo palikuwa mwisho wa dunia.

Mjomba alikuwa anaishi Likoni, miaka 73, macho yamefifia lakini vidole bado vina akili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukanywa kahawa, kisha nikaitoa. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza tumbo juu, kama fundi yeyote, maana fundi huanza kuangalia pale ambapo abiria haangalii. Alinyamaza muda mrefu.

"Umeiziba vizuri," alisema mwishowe. "Hii ni mwaka gani, mjomba?"

"Elfu moja mia tisa themanini na tano."

"Amin yuko wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Nakuuliza, katika mwaka wako huu Amin alikwenda wapi? Maana kama alikuwapo, wazee hawakuketi pamoja, na kama hawakuketi, madeni hayakulipwa. Na bei ya mafuta ilipanda vibaya 1973. Umeipandisha? VC10 yenyewe ilikuwa inakunywa mafuta kuliko Boeing 707, sote tulijua, ingawa tuliipenda. Hii yako ya ghorofa mbili ingalitufilisi hata kabla ya sabini na saba." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Umeiunda kwa ajili ya nani, mjomba?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba katika mwaka ule wa plastiki mpaka haukufungwa, basi lilikuja, naye alifika kabla bibi hajafumba macho.

Aliiweka ndege juu ya meza kwa uangalifu mkubwa. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia, na ambayo ameniruhusu niyaandike.

"Mpaka ulifungwa, ni kweli. Lakini njia za panya hazikufungwa. Watu wa Vanga walikuwa wanavuka, wengine usiku kwa ngalawa, wengine kwa miguu porini. Nilizipata barua zote za dada yangu. Nilikuwa nina mwaka mmoja na miezi kadhaa katika kazi mpya, na watoto watatu. Nikasema, nikikamatwa upande huu au ule, kazi imekwenda. Nikasema, nitakwenda wiki ijayo. Nilisema hivyo miezi mitatu. Dada yangu aliulaumu mpaka, nikamwachia aulaumu, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu."

Nilifundisha vijana kwa miaka 31 kwamba historia ina sababu kubwa na sababu ndogo. Niliwaandikia ubaoni: madeni, mapinduzi, itikadi. Sikuwahi kuwaambia kwamba mtu mmoja anaweza kujificha nyuma ya sababu kubwa kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Ndege yangu ya ghorofa mbili ilikuwa imebadili mambo makubwa matatu ili jambo dogo moja lisiulizwe. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile la F-19: nililainisha pembe zote.

Sikumlaumu. Kwa umri wangu, nami nina wiki ijayo zangu. Tulikaa kimya mpaka kivuko kikapiga honi. Ndipo, kwa kutafuta la kusema, nikamuuliza kama anajua zile VC10 ziliishia wapi. Akasema alisikia zimerudishwa Uingereza, bila shaka zikakatwa kuwa vyuma chakavu.

Hazikukatwa. Moja, 5X-UVA, ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na kuua watu 43, na hiyo aliijua kwa uchungu. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kufa. Katika miaka ya 1980 zilifanyiwa pale Filton jambo ambalo mimi huwafanyia vipande vya kopo la biskuti: viti viling'olewa, matangi ya mafuta yakawekwa mahali pa abiria, mipira ya kumiminia mafuta ikafungwa, mmoja chini ya mkia na mmoja katika kila bawa. Zikawa ndege za Jeshi la Anga la Uingereza za kujaza ndege nyingine mafuta angani. Zilipakwa rangi ya udongo, baadaye ya kijivu, zikaitwa ZA147 hadi ZA150. Ziliishi kuliko karibu ndugu zao wote. Mnamo 25 Septemba 2013, VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani ilitua Bruntingthorpe. Ilikuwa ZA147, ambayo zamani ilikuwa 5H-MMT.

Mjomba alinitaka nirudie herufi hizo. Nikazirudia.

"Mwaka jana?" akauliza. "Ilikuwa inaruka mwaka jana?"

"Mwaka jana, Septemba."

"Nimeigonga ribiti ile, mjomba. Kwa mkono huu." Akauangalia mkono wake. "Kwa hiyo ilikuwa inanyonyesha."

"Ndiyo, mjomba. Ilinyonyesha miaka karibu thelathini."

Alicheka mpaka akafuta macho, na sikuuliza kilichokuwa machoni kilitokana na nini. Nilipoaga, alinirudishia ndege ya ghorofa mbili. "Hii nzuri, lakini chukua," alisema. "Niletee ile iliyotokea."

Nikarudi Tanga, nikafungua makopo. Mabaki ya visanduku viwili yalikuwa mengi, nami nikaagiza kisanduku cha tatu. Mipira ya mafuta niliitengeneza kwa waya wa simu, na vifuko vya mabawani nikavichonga kutoka katika matangi ya ndege ya kivita ambayo sikumbuki tena ni ya nchi gani. Niliipaka kijivu. Kisha, chini ya kijivu hicho, upande ambao mtu haoni mpaka aigeuze tumbo juu, nikaandika kwa brashi ndogo herufi nne na namba moja.

Alipoipokea aliigeuza mara moja, kama nilivyojua atafanya.

Ile ya ghorofa mbili bado iko katika kabati langu, rafu ya juu. Mgeni akiniuliza ni ndege gani, humwambia ni ndege ya ningalijua, na kwamba imeundwa vizuri kuliko ukweli ulivyo. Akiwa na muda, humsimulia pia habari za ile ya kijivu, iliyoko Likoni.